Konokono wa binti yangu kafa, nikamwambia amelala, sasa yeye ndo hataki kulala

Mama Wawili

Habari zenu jamani. Naombeni mnisikilize, itakuwa ndefu kidogo, manake wiki hii yote sijapata usingizi na kosa ni langu mwenyewe.

Nina binti wa miaka 4 na miezi kadhaa. Huyu mtoto tangu ajue kutembea ni wa wadudu tu. Ukitoka naye hatua kumi mtasimama mara nane, hapa kuna sisimizi kabeba kitu kikubwa kuliko yeye, pale kuna jongoo kajiviringisha, hataki apitwe na kitu. Hakanyagi kiumbe. Akimwona mtu kakanyaga sisimizi anamuuliza "umemwomba msamaha?" na anawauliza hata wakubwa, babu yake aliulizwa hivyo akabaki anamwangalia. Mvua ikinyesha wale nyungunyungu wakitoka wakakwama kwenye saruji anawanyanyua kwa jani mmoja mmoja anawarudisha kwenye udongo na sisi wote tunasubiri. Siku moja aliona sisimizi wamembeba mwenzao aliyekufa akaniuliza "wanampeleka hospitali?" nikasema ndiyo. Naona ndo nilipoanzia hii tabia ya kumpa jibu lolote lile ilimradi tuendelee na safari.

Sasa wiki kama tatu zilizopita alimpata konokono, akampa jina Pole. Sijui ni kwa sababu anakwenda polepole au ni vile alimkuta gamba limebanduka kidogo pembeni na neno la kwanza alilomwambia lilikuwa "pole". Nikamruhusu amweke kwenye chupa pana ya plastiki, tukatia udongo wenye unyevu na majani, kifuniko tukakitoboa matundu. Kila asubuhi hata uso hajanawa anaenda kumsalimia. Nilimkuta siku moja kalala kifudifudi, kidevu sakafuni, kamtoa Pole kwenye chupa, anamgusa kile kijicho cha juu ya pembe kwa ncha ya jani, kijicho kinarudi ndani kama kimevutwa na uzi, afu anasubiri, hasogei, hapumui, mpaka kitoke tena taratibu ndo anasema "haya, nimekuona."

Jumamosi ya juzi ile akaamua Pole anasikia baridi. Akachukua chupa akaiweka dirishani penye jua. Niliiona kwa macho yangu haya. Nikasema nikimaliza kufua nitaitoa. Sikuitoa. Jioni nilipoishika chupa ilikuwa ya moto na majani yamelegea yamegandia ukutani kwenye plastiki, na Pole katoka nusu, kalegea, ukimgusa harudi ndani.

Mtoto akauliza "kafanyaje?" Bila hata kufikiri nikasema amelala, amechoka. Akachukua jani akamfunika. Jumapili akauliza bado kalala, nikasema ndiyo. Jumatatu harufu imeanza. Usiku nikamfunga kwenye karatasi nikamficha kwenye kopo nyuma ya nyumba, sikuwa na moyo wa kumtupa, asubuhi nikamwambia kaamka kaenda kwa mama yake. Hapo ndo nikaharibu kabisa jamani. Alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake. "Kaenda bila kuniaga?" Na kuanzia siku hiyo usiku ukifika hataki kulala. Juzi saa 5 usiku nimemkuta kakaa kitandani anashikilia kope zake kwa vidole zisifunge. Namuuliza kulikoni mwanangu, anasema "nikilala nitaenda wapi?"

Nimrudie sasa nimwambie ukweli kwamba nilimdanganya? Kwa miaka 4 ataelewa nini kuhusu kifo? Na akiniuliza Pole kafa kwa nini, nimwambie ni jua? Manake chupa aliiweka yeye. Hilo ndo linaninyima amani kuliko yote.

---

Mwalimu wa Wadogo

Pole sana dada. Nafundisha chekechea, nina miaka 14 kwenye kazi hii, na kila mwaka lazima kuwe na kifaranga, au kipepeo, au ndege aliyejigonga kwenye kioo. Nikujibu moja moja.

Ukweli mwambie, na usisubiri, leo hii kabla giza halijaingia. Usiku usimwambie, usiku ndo wakati anaouogopa.

Hilo neno "amelala" kwetu wakubwa ni la heshima, tunalitumia hata kwa watu na kila mmoja anajua tunamaanisha nini. Mtoto wa miaka 4 hajui. Yeye analichukua lilivyo. Umemwambia Pole kalala, afu Pole kanuka, afu Pole hayupo. Na yeye kila siku anaambiwa nenda kalale. Mtoto wako kaunganisha vizuri kabisa, ana akili timamu, ila vipande ulivyompa ndo havikuwa sahihi.

Hili si geni. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Maria Nagy alichapisha utafiti wake aliowahoji watoto wa Hungaria wa kuanzia miaka 3 hadi 10 kuhusu kifo, na wale wa chini ya miaka 5 wengi walikieleza kama safari au kama usingizi, kitu ambacho mtu anaweza kurudi kutoka huko. Yaani hata tusipowaambia wao wenyewe wanaelekea huko, sasa sisi tukiwaongezea na neno letu ndo tunawasukuma kabisa. Kuelewa kifo hakuji siku moja. Kuna kuelewa kwamba aliyekufa harudi, kuna kuelewa kwamba mwili umeacha kufanya kazi yote hata kusikia njaa, na kuna kuelewa kwamba kinampata kila kiumbe mpaka na mimi. Wengi wanavipata vyote wakiwa kati ya miaka 5 na 7 hivi, wengine mapema wengine baadaye. Wa miaka 4 anaweza kukwambia vizuri "kafa harudi" na dakika hiyohiyo akauliza atakula nini huko. Usishtuke.

Tumia maneno mafupi ya mwili. "Nilikwambia Pole kalala, nilikosea. Pole amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hatembei tena, haoni, haumwi, hasikii baridi wala njaa. Hataamka." Hapo nyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndo pagumu, utatamani kuongeza kitu kitamu, usiongeze. Subiri aulize yeye. Mambo ya imani yenu mweleze kama mnavyoamini, hiyo ni nyumba yenu, ila hilo la mwili kuacha kufanya kazi lije kwanza, manake mtoto akisikia tu kwamba kachukuliwa kapelekwa pazuri atakuwa anaogopa kuchukuliwa.

Kuhusu kulala, usimwambie kwa mdomo tu, mwonyeshe. Mimi darasani huwa najilaza chini najifanya nimelala, wanakuja wananiwekea mikono kifuani. "Kinapanda?" Kinapanda. "Moyo unadunda?" Unadunda. Wananitikisa, naamka. Tunarudia mpaka wachoke. Fanya hivyo na binti yako, afu yeye alale wewe uweke mkono wako kwake umwambie unachosikia. Mtu aliyelala mwili unafanya kazi usiku kucha, aliyekufa haufanyi. Hiyo tofauti ataishika kwa mkono wake.

Na jiandae, atakuuliza tena na tena. Kesho, keshokutwa, katikati ya kuoga. Mjibu vilevile kila mara kwa maneno yaleyale.

---

Baba Mapacha

Dada mimi niliwahi kufanya kama wewe ila nikaenda mbali zaidi, nakwambia ili ujue hujaharibu peke yako.

Wanangu walikuwa na samaki mmoja mwekundu kwenye bakuli la kioo. Akafa usiku. Mimi nimeamka mapema nimemwona anaelea ubavu, nikaona watalia, siku itaharibika, nikatoka mbio nikaleta mwingine anayefanana naye nikamtumbukiza, nikajiona baba wa maana kabisa. Wa kwanza kuamka ni yule wa kike. Akaja akasimama mbele ya bakuli, akakaa kimya kama dakika nzima, akasema "huyu siye." Nikasema ndiye. Akasema "wetu alikuwa na kidoa hapa" akajigusa shavuni kwake. Nikashikilia kwamba ndiye. Walikuwa na miaka 5.

Basi hawakulia. Ila yule samaki mpya hawakumpa jina, hawakumlisha mpaka waambiwe, na binti yangu kwa miezi akawa na kitu cha kunichunguza. Mama yake akitoka kidogo akirudi anamshika uso anamwangalia huku na huku. Sikujua anafanya nini mpaka siku mama yake alipomuuliza mbona unaniangalia hivyo mwanangu, akasema "naangalia kama ni wewe."

Nilitoka nje nikakaa peke yangu. Jioni nikawaita wote wawili nikapiga magoti nikawaambia yule samaki alikufa, baba aliwadanganya kwa sababu alikuwa hataki mlie. Wakalia, ndiyo, walilia kama vile kafa siku hiyo. Lakini ule mchezo wa kumshika mama yao uso uliisha wenyewe, taratibu.

Kwa hiyo kama kuna mtu atakuja hapa akwambie tafuta konokono mwingine umwambie Pole karudi, mimi nakuomba usifanye hivyo.

---

Shangazi wa Wengi

Mimi nawaheshimu wote mlioandika lakini kwenye jambo la jua nina neno langu. Mama, usimwambie huyo mtoto kwamba jua ndo lilimuua. Miaka 4! Huo ni mzigo gani wa kumbebesha mtoto ambaye alikuwa anamwonea huruma konokono asisikie baridi? Sema amekufa, basi. Konokono wanakufa. Nimelea wangu na wa ndugu zangu na nimeona mtoto anaweza kubeba neno moja moyoni miaka na miaka na wewe uliyelisema ukawa umeshasahau. Mfiche hilo moja tu. Mengine yote mweleze.

---

Mpenda Wadudu

Nimesoma posti nikaguswa sana na huyo mtoto. Mimi nilisomea mambo ya viumbe wadogo na nilianza kama yeye, kwa kulala kifudifudi.

Nataka niseme kitu ambacho naona hatujakigusa. Huyo mtoto kusubiri Pole aamke si ujinga wala si kwamba hataki kukubali. Huko chini anakoangalia yeye kila siku kuna viumbe wanaonekana wamekufa na kweli wanaamka. Kuna mbawakawa ukimgusa anajiangusha chali, miguu kaikunja, hatikisiki hata umpulizie, ukikaa kimya kidogo anajigeuza anaondoka zake. Konokono mwenyewe kukiwa kukavu anaingia ndani ya gamba anaziba mlango kwa utando mwembamba unaokauka kama karatasi, anakaa hivyo wiki nyingi, wengine miezi, mvua ikija anatoka. Kiwavi anajifunga kwenye ganda gumu, hali, hatembei, kwa mtoto huyo ni marehemu kabisa, afu siku moja anatoka kipepeo. Buibui anavua ngozi yake nzima na miguu yote minane anaiacha ikining'inia, watu wazima wanadhani ni maiti, kumbe mwenyewe yupo pembeni anangoja ngozi mpya ikomae. Sasa mtoto aliyeona hata mawili kati ya hayo utamwambiaje kirahisi kwamba asiyetikisika harudi?

Kwa hiyo mimi ningemfundisha kutazama alama. Konokono aliyejifungia yuko ndani kabisa, mlango umezibwa, ukimlowesha kwa maji kidogo na kumweka kivulini anaweza akatoka. Aliyekufa kalegea, harudi ndani ukimgusa, na baada ya muda ananuka, na ile harufu haina mfano. Ulivyoeleza wewe, Pole alikufa, hakuna shaka, usikae ukijiuliza. Buibui aliyekufa miguu inajikunja kuelekea tumboni, na hiyo ina sababu nzuri ya kumwambia mtoto: buibui viungo vingine vya mguu hana misuli ya kuvinyoosha, ananyoosha kwa kusukuma majimaji ya mwilini, mwili ukiacha kusukuma miguu inajikunja yenyewe. Hapo ataona kwa macho ile "mwili umeacha kufanya kazi" aliyoisema Mwalimu.

Halafu la sisimizi. Hawampeleki hospitali, na ukweli wake ni mzuri kuliko hospitali. Wanatoa maiti nje ya makazi yao wanaiweka kwenye lundo la taka. Mwaka 1958 Edward O. Wilson na wenzake walionyesha kwamba sisimizi wanamjua maiti kwa harufu, hasa ya asidi ya oleiki inayotokea mwili ukianza kuoza, na inachukua kama siku 2 mpaka hiyo harufu itoke. Kabla ya hapo wanapita tu juu ya mwenzao kama hawamwoni. Walipompaka sisimizi mzima hiyo harufu, wenzake walimbeba hivyohivyo anarusha miguu wakaenda kumtupa, akirudi wanambeba tena, mpaka alipojisafisha ikaisha. Mwambie binti yako hiyo, nakuhakikishia atakuomba uirudie.

Na ya kutunza, kwa siku zijazo. Chupa iliyofungwa juani inapanda joto haraka sana hata ikiwa na matundu, matundu ni ya hewa hayasaidii joto. Kivulini daima, unyevu, na bora siku moja au mbili afu unamrudisha pale pale ulipomtoa. Kinda wa ndege akianguka naye, kama hana manyoya mrudisheni kwenye kiota kama mnakifikia, hayo maneno kwamba mama yake atamkataa sababu kaguswa na mtu si kweli, na msimdondoshee maji mdomoni yanaweza kuingia kwenye njia ya hewa yakamuua. Kama kashaota manyoya na anarukaruka, mwacheni, wazazi wake wako karibu wanamlisha. Na baada ya kushika konokono au kifaranga ni kunawa mikono kwa sabuni, kila mara, wanabeba vimelea na bakteria vinavyoweza kuumiza watoto wadogo.

---

Mwalimu wa Wadogo

Shangazi nakuelewa na moyo wako ni wa mama, ila hapo nitakupinga kidogo kwa heshima.

Huyu mtoto anakumbuka aliiweka chupa dirishani. Anakumbuka ilikuwa ya moto, huenda aliishika. Watoto wa umri huu hata kwa vifo ambavyo hawahusiki navyo kabisa wanajiona wao ndo chanzo, nilimkasirikia ndo maana kafa, sikumbusu ndo maana kafa. Sasa hapa kuna kitu kweli. Tukinyamaza hatumwondolei, tunamwacha peke yake nacho. Na kesho kutwa atamweka mwingine dirishani kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Ila ulichosema kuhusu mzigo ni kweli, na kuna namna. Mama, mzigo uuchukue wewe kwa sauti. "Pole alikufa kwa sababu chupa ilipata joto kali. Wewe ulitaka apate joto asisikie baridi, hukujua jua linaweza kumuumiza. Mimi ni mkubwa, mimi nilijua, niliiona chupa nikachelewa kuitoa. Kazi ya kuangalia ilikuwa yangu." Yote hayo ni kweli, hujaongeza kitu. Na asipouliza usilazimishe siku hiyo hiyo, litakuja.

Kuna swali lingine litafuata dada, bora likukute umejiandaa: "na wewe utakufa?" Usiseme hapana. Mwambie watu wengi wanakufa wakiwa wazee sana sana, na mimi natarajia kuwa na wewe kwa muda mrefu mpaka uwe mkubwa. Afu mtajie watu, kwa majina, wanaompenda na kumlea, baba, bibi, shangazi. Mara nyingi swali lake la ndani ni nani atanifunga vifungo asubuhi.

---

Dada wa Mwisho

Samahani nachomekea, naomba na mimi nisaidiwe. Wangu ana miaka 5, tulimzika kipepeo vizuri na maua juu, usiku huohuo nikaua mbu ukutani. Akaniangalia akasema "na huyu tumzike?" Nikakosa jibu. Akasema "kwa nini yeye hapana?" Hivi mnawajibuje?

---

Baba Mapacha

Dada wa Mwisho sisi tulijibu hivi, mbu jike ndo anayeuma, anataka damu kwa ajili ya mayai yake, hana ubaya na sisi, lakini wapo wanaotuachia malaria na malaria inaua watoto. Kwa hiyo tunajikinga. Tunafunga neti, tunaziba maji yaliyotuama, akiingia tunampiga. Hatumpigi kwa kufurahia wala hatumng'oi mbawa. Kijana wangu akafikiri afu akasema basi tumpige haraka asisikie. Nikasema sawa. Kuna wadudu anawaomba wasipigwe, panzi, kereng'ende, buibui wa pembeni ya dari, hao tunawatoa nje kwa glasi na karatasi. Sioni kama kuna jibu linalotosha kabisa hapo, yule wa kike mpaka leo hakubaliani na mimi na namwacha asikubaliane.

---

Mama Wawili

Nimerudi jamani. Nilisema nisome tu nikaona si vizuri mmehangaika na mimi hivi halafu ninyamaze.

Nilimwambia jana saa 10 jioni. Nilikaa naye chini ukutani nyuma ya nyumba nikasema kama Mwalimu alivyoandika, nilikuwa nimeyakariri, na bado sauti ikakatika kwenye "nilikosea." Nikanyamaza. Hakulia. Akaniuliza "yuko wapi?" Nikaenda kuleta kopo. Nilitaka kumwonyesha gamba tu kwa mbali lakini akanyoosha mikono yote miwili, nikafungua karatasi. Ndani hamkuwa na mengi tena. Akanusa akarudisha kichwa nyuma, akasema "ananuka kufa." Akamgusa na ncha ya jani pale kijicho kilipokuwa. Akasubiri. Akagusa tena, akasubiri. Mara tatu. Halafu akaliweka jani chini.

Shangazi, sikupata hata nafasi ya kuchagua, aliuliza mwenyewe. "Ni pale dirishani?" Hakuniangalia alivyouliza, alikuwa anachora chini na kidole. Nikasema ndiyo, ni joto, na mimi niliiona chupa na kazi ya kuitoa ilikuwa yangu. Akasema "nilidhani anasikia baridi." Nikasema najua mwanangu. Hapo ndo akalia, kanilalia mapajani, na mimi nikalia, sikujificha.

Tukachimba kwa kijiko. Alitaka shimo refu asipate jua. Akatia majani chini, akamweka, akatia majani juu, na kabla ya udongo akasema "pole Pole." Baadaye sisimizi wakaja, akataka kuwafukuza, nikampa ile hadithi ya Mpenda Wadudu ya yule sisimizi aliyepakwa harufu wakambeba mzima mzima anarusha miguu. Nimeirudia mpaka sasa mara sita.

Usiku tulifanya ule mchezo wa mkono kifuani. Alinitikisa niamke nadhani mara kumi na tano. Yeye alipolala aliniambia niache mkono wangu hapohapo na taa isizimwe. Nikakaa. Aliamka mara moja usiku akauliza "inadunda?" nikasema inadunda, akageuka akalala tena mpaka asubuhi. Swali la "na wewe utakufa" limekuja leo kwenye kuoga, nilijibu, nikataja majina, akaniongezea jina la paka wa jirani.

Na leo mchana kaniita nje kwa sauti ya kunong'ona. Kuna konokono kwenye jani, mdogo kuliko Pole. Kachuchumaa mbali kidogo, mikono kaiweka mgongoni mwenyewe, kaishikanisha. Nikasubiri aniombe chupa. Akaniuliza "huyu anaitwa nani?" Nikasema sijui. Tukakaa pale mpaka akapita upande wa pili wa jani.

Mwalimu, jambo moja tu. Mkono ananiomba niweke kila usiku sasa, na sijui nianze kuupunguza lini au nimwache tu mpaka asahau mwenyewe?

---

Mwalimu wa Wadogo

Mwachie tu dada. Atakuondolea mwenyewe.